Ghorofa lililokwama Dodoma: ninunue kwa mwenyeji au kwa mgeni?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mtumishi wa umma. Nilihamia Dodoma na wizara yangu kutoka Dar es Salaam, na mpaka leo tunapanga Ilazo. Mimi na mume wangu tumejikusanya tununue apatimenti ya vyumba vitatu, tumeonyeshwa majengo mawili. La kwanza ni la kampuni ya Dar yenye wabia wa nje ya nchi. Lilipangwa liwe na ghorofa 12, limefika ya saba, na tangu mwaka jana saiti haina fundi hata mmoja. Wanauza kwa punguzo kubwa na wanasema hela ikiingia watamaliza ndani ya miezi 18. La pili ni la mfanyabiashara wa hapa hapa anayejulikana mji mzima. Litakuwa la ghorofa 8, ndiyo kwanza wanachimba msingi, naye anataka asilimia 30 mwanzoni pamoja na ada ya kushika nafasi ambayo hairudishwi. Mume wangu anasema bora mtu wa nyumbani, akitukwepa tunajua pa kumpata. Dalali anasema wageni ndio wenye mtaji. Tumsikilize nani?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Shemeji ana hoja na dalali naye ana hoja, ila wote wawili wanahangaika na mtu katoka wapi. Ghorofa hukwama siku hela ya slabu inayofuata, yaani sakafu ya zege ya ghorofa ya juu yake, inapokosekana, awe mwenyewe kazaliwa Kikuyu hapa Dodoma au kashuka jana na treni. Kwa hiyo kila mtakayeonana naye muulizeni hivi: slabu inayofuata inalipwa na hela ya nani, na hela hiyo leo iko wapi?

Nianze na mfano wa mbali, maana wa mbali hauna jirani wa kuutetea. Mwaka 2007, mjini Chicago huko Marekani, kampuni ya Shelbourne ya Ireland ilianza kujenga Chicago Spire, mnara wa makazi uliochorwa na Santiago Calatrava, ambao ungefika karibu mita 610 kwenda juu. Msukosuko wa mabenki wa 2008 uliukuta ukiwa bado msingi. Kwa zaidi ya miaka kumi kilichoonekana pale ni shimo la duara, kina chake mita 23 hivi. Wenyeji wakapata la kusema kuhusu wageni. Lakini mwaka huohuo wa 2008, kando ya Wacker Drive, Waterview Tower ya Teng & Associates, kampuni ya hukohuko Chicago, nayo ilikwama ikiwa zege tupu kwenye ghorofa ya 26. Mgeni na mwenyeji, mji mmoja, mwaka mmoja, sababu moja: mkopo wa ujenzi ulikauka. Viwanja vyote viwili baadaye vilichukuliwa na kampuni moja, Related Midwest. La Wacker Drive lilikamilika 2014, na kwenye lile shimo ujenzi mpya ulianza 2024.

Kuna jambo hapo linakuhusu wewe moja kwa moja. Lile jengo la Wacker Drive lilianza kama hoteli na nyumba za kuuzwa mojamoja, likamalizwa kama jengo la kupangisha. Jengo kuokolewa hakumaanishi mnunuzi ameokolewa. Anayekuja na hela mpya anakuja na mipango yake.

Na kwetu tunao mfano wa wazi. Shirika la Nyumba la Taifa lipo tangu 1962, ni la serikali, ofisi zake kila mtu anazijua. Hata hivyo miradi yake mikubwa ya Dar, Morocco Square na ule wa 711 Kawe, ilikaa miaka kadhaa imesimama. Mafundi walirudi pale shirika liliporuhusiwa na serikali kukopa tena. Kujua pa kumpata mtu, ile hoja ya shemeji, hakujawahi kumwaga zege.

Sasa tuje Dodoma, ambako kuna sababu zake za pekee. Mji ulitangazwa makao makuu mwaka 1973, lakini wimbi la majengo mnaloliona lilipanda baada ya 2016, serikali ilipoanza kuhama kweli kweli. Likaongezeka Dodoma ilipofanywa jiji Aprili 2018, na tena treni ya SGR ilipoanza kufika Julai 2024. Mwekezaji wa Dar akiliona wimbi hilo anapiga hesabu alizozizoea Upanga na Kariakoo. Kule ardhi ni ghali kiasi kwamba unalazimika kupanda juu, bei ya kiwanja igawanywe kwa nyumba nyingi. Hapa ardhi ipo, tena tambarare. Mtumishi mwenzako pale ofisini akipata mkopo, kitu cha kwanza kinachomjia kichwani ni kiwanja kilichopimwa Iyumbu, Nzuguni, Michese au Nala. Anashusha tofali lori mbili na kuanza mdogo mdogo. Huyo ndiye mshindani wa apatimenti katika mji huu, na mara nyingi kwenye andiko la mradi hayumo.

Kupanda juu nako kunaleta gharama ambazo nyumba ya chini haina: lifti, jenereta, mfumo wa zimamoto, nguzo nene zaidi, matangi na pampu. Hasa maji. Dodoma inategemea kwa sehemu kubwa visima vya Mzakwe kule Makutupora, na mgao mnaujua. Mtu wa ghorofa ya kumi asiye na tangi kubwa chini na pampu ya uhakika atabeba ndoo. Mwenyeji analijua hili bila kuambiwa. Mgeni hulijua mradi ukiwa umeshaanza, na gharama inaingia katikati ya safari.

Matokeo yake ni kwamba nyumba haziuziki kwa kasi iliyoandikwa. Mpango ulikuwa wanunuzi wa awali wagharamie ghorofa za juu, wanunuzi wamekwenda kununua viwanja, benki inatazama mauzo na kuacha kutoa. Kampuni ya mgeni huwa na miradi mingine Dar au Zanzibar, na wabia wake wanauliza hela irudi kupitia wapi haraka. Wiki chache baadaye kreni inashushwa, mkandarasi anaondoa mitambo, anabaki mlinzi. Mgeni hukwama ghafla, na kwa sababu hukwama ghafla kila mtu humwona.

Mwenyeji hakwami ghafla. Mwenyeji anapungua. Anajenga kwa mzunguko wa biashara yake: msimu wa alizeti ukienda vizuri inamwagwa slabu, mabasi yakiharibika slabu inasubiri. Mafundi 30 wanakuwa 12, halafu wanne, halafu kuna kijana mmoja anapiga plasta ukuta uleule miezi miwili. Ukimpigia simu anapokea, na ukimkuta msikitini au kanisani anakusalimia vizuri na kukuuliza watoto. Kisheria unamshika wapi? Hajaacha kazi. Nimekagua majengo ya namna hii kwa niaba ya benki, na ugumu wake ni kwamba hela ya wanunuzi haikuibwa. Ilikwenda kumalizia jengo lake jingine, au kununua lori, kwa nia kabisa ya kurudishwa.

Kwa hiyo mkataba wa mwenyeji uwe mkali kwenye tarehe, na mkataba wa mgeni uwe mkali kwenye dhamana. Watu hufanya kinyume. Kwa mgeni wanadai tarehe, wanazipata nyingi nzuri, na kampuni ikifungwa tarehe hazina kazi. Kwa mwenyeji wanaona aibu kuandika fidia ya ucheleweshaji, eti ni mzee wetu.

Kuhusu mwenyeji kuna suala jingine ambalo watu hawapendi kulitaja. Kiwanja kiko kwa jina la nani? Kama ni la kampuni, sawa. Kama ni jina lake mwenyewe, na mara nyingi ndivyo ilivyo, basi mnanunua nyumba kwa mtu ambaye Mungu akimchukua kesho kila kitu kinaingia mirathi. Familia itakaa kikao, atateuliwa msimamizi wa mirathi, mahakama itamthibitisha, na kama kuna zaidi ya mke mmoja au watoto wa nje huenda kukawa na pingamizi. Miaka inakwenda hapo bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Ninyi mtakuwa na karatasi ya mkataba na risiti, mkipanga foleni na wadai wengine wa marehemu. Mwombeni, kwa heshima zote, mradi uhamishiwe kwenye kampuni kabla hamjalipa. Mfanyabiashara makini hatakasirika. Na kama kiwanja kina sura ya mali ya ndoa, ridhaa ya mwenza wake iwe ya maandishi.

Kwa kampuni ya Dar, kitu kinachofanana na hicho ni kampuni ya mradi mmoja. Mnaambiwa majina makubwa ya wabia, lakini mnayesaini naye ni kampuni ndogo iliyofunguliwa kwa ajili ya jengo hilo tu, mtaji wake haufiki hata gharama ya lifti. Nendeni BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, mfanye upekuzi mwone wanahisa na wakurugenzi ni akina nani. Kisha ombeni kampuni mama isaini dhamana ya kurudisha hela. Wakikataa, basi lile jina kubwa ni la kwenye bango tu. Na kwa kuwa wana wabia wa nje, kumbukeni kwamba kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji uliopitia mamlaka ya uwekezaji. Lazima mjue haki waliyo nayo kwenye kiwanja ni ya aina gani, ndipo mjue ninyi mtapewa nini. Wakiwatajia bei kwa dola, waambieni kanuni za Benki Kuu zilizoanza Machi 2025 zinakataza kupanga bei za ndani kwa fedha za kigeni.

Sasa jengo lenyewe la ghorofa 7. Kabla ya karatasi, nendeni mkalitazame, tena na mhandisi wenu na si wao. Tazameni kwanza nondo zilizoachwa zimechomoza juu ya nguzo za ghorofa ya mwisho. Hizo ndizo zitakazoshikamana na nguzo za ghorofa ya nane. Kutu nyepesi ya rangi ya chungwa inayotoka kwa brashi ya waya haina neno. Kutu inayobanduka kama maganda, nondo ikawa nyembamba ukiishika, ina maana zile za kuunganishia zitakatwa na kuchomekwa upya, na hiyo ni gharama ambayo haimo kwenye miezi yao 18. Hapa hali ya hewa yetu inawasaidia: Dodoma ni kavu, haina chumvi ya bahari, chuma kilichoachwa wazi mwaka mzima huku huwa na hali nzuri kuliko cha Msasani.

Lakini ukavu huohuo unaua zege kwa njia nyingine. Slabu ikishamwagwa inatakiwa ibaki na unyevu, wiki moja kwa uchache, ndipo ipate nguvu yake. Kwa jua na upepo wa hapa maji yanapaa saa hiyohiyo, na saiti iliyonunua maji kwa boza huona uchungu kuyamwagilia. Ingieni ghorofa ya nne au ya tano, mwinamishe macho sakafuni penye mwanga wa pembeni. Mkiona nyufa ndogo ndogo zilizotapakaa kama ramani, mara nyingi slabu hiyo haikumwagiliwa vya kutosha. Geukeni mtazame chini ya slabu na kwenye makutano ya nguzo na mihimili: kokoto zikionekana zimekaa wazi bila saruji, zege halikushindiliwa. Kama mirunda bado imesimama ikishikilia slabu ya mwisho baada ya mwaka mzima, ulizeni kwa nini haikutolewa. Huenda mkandarasi aliondoka kwa hasira ya kutolipwa tu, na huenda alijua jambo. Shimo la lifti nalo mlichungulie. Baada ya mvua za Desemba hadi Aprili huwa ni bwawa, na maji yaliyokaa pale yanakaa kwenye msingi.

Mhandisi atapima zege kwa nyundo maalumu, na penye shaka atatoboa kipande kipelekwe maabara. Tuko jirani na Bonde la Ufa, matetemeko si habari ngeni hapa, hivyo kipimo hicho si anasa kwa jengo litakaloongezewa ghorofa tano. Gharama yake gawaneni na wanunuzi wengine. Hakika wapo, tafuteni namba zao, maana kampuni inayowajibu mmoja mmoja kwa utani hujibu kundi la watu 20 kwa barua.

Msidanganywe na urefu pia. Ghorofa 7 kati ya 12 huonekana kama zaidi ya nusu ya kazi. Kwa jengo la makazi, msingi na fremu ya zege kwa kawaida havifiki nusu ya gharama yote. Hela kubwa iko kwenye vitu visivyoonekana kutoka barabarani: kuta, mabomba, umeme, lifti, aluminiamu na vioo, vigae, milango, rangi, na kazi za nje. Nyingi katika hizo zinaagizwa, kwa hiyo bei yake inapanda na dola. Kwa jinsi ulivyonielezea jengo hilo, nisingeshangaa kama theluthi mbili ya gharama bado haijatumika. Miezi 18 inawezekana, sikatai. Slabu tano kwa mkandarasi mwenye hela ni kazi ya miezi mitano au sita, na umaliziaji unapanda nyuma yake. Tatizo liko kwenye yale maneno "hela ikiingia".

Karatasi. La kwanza ni upekuzi rasmi wa hati kwa Msajili wa Hati. Msikubali nakala ya hati iliyopigwa picha kwa simu. Upekuzi ndio utakaoonyesha kama kuna rehani, zuio au amri ya mahakama. Kwa jengo lililokwama karibu kila mara kuna rehani ya benki. Hiyo peke yake haitishi. Kinachotisha ni kununua bila benki kujua, kwa sababu mkopeshaji mwenye rehani yuko mbele yenu, na akishatoa notisi ya siku 60 bila kulipwa anaweza kuuza. Mnachohitaji ni barua ya benki inayotaja namba ya nyumba yenu na kusema kwamba mkishamaliza bei nyumba hiyo itaachiwa. Barua hiyo ina thamani kuliko mkataba wote wa kurasa 40.

Kwenye hati hiyohiyo angalieni miaka iliyobaki. Zama za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyovunjwa Mei 2017, viwanja vingi vya Dodoma vilitolewa kwa upangaji wa miaka 33, na baada ya hapo ndipo likaja zoezi la kuvibadilisha kuwa vya miaka 99. Kama cha mfanyabiashara wenu bado kiko kwenye mfumo wa zamani, abadilishe kwanza. Mji huu pia una historia ya kiwanja kimoja kuwa na wenyewe wawili, hivyo mpima ardhi athibitishe kuwa vigingi vilivyoko chini ndivyo vilivyoko kwenye ramani.

Halafu mwelewe mnanunua nini hasa. Kwa sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo, kila nyumba ndani ya ghorofa inaweza kuwa na hati yake, lakini hati hiyo inakuja jengo likiwapo na mpango wa mgawanyo ukiwa umesajiliwa. Kabla ya hapo mna mkataba tu. Ndiyo maana benki nyingi zinasita kutoa mkopo wa nyumba kwa jengo la namna hii, na hata zikitoa, riba za mikopo ya nyumba nchini huzunguka asilimia 15 hadi 19. Watumishi wengi wanaishia kwenye mkopo wa mshahara. Hapo pigeni hesabu vizuri: makato yanaanza mwezi unaofuata, kodi ya Ilazo iko palepale, na kwa ile kanuni kwamba theluthi moja ya mshahara lazima ibaki bila kukatwa, huenda usiweze kukopa tena jengo likichelewa.

Mkandarasi wa majengo yote mawili muangalieni Bodi ya Usajili wa Makandarasi: amesajiliwa daraja gani, na je daraja hilo linaruhusu kazi ya thamani hiyo? Hili lina uzito zaidi kwa mfanyabiashara wa nyumbani. Ghorofa mbili za maduka pale sokoni hazimfundishi mtu kujenga nane, na wapo wanaomtumia fundi wao wa siku zote huku jina la kampuni iliyosajiliwa likiwa limekodiwa kwa ajili ya kibao. Siku mtakayokwenda saiti muulizeni msimamizi anaajiriwa na nani. Mara nyingi anasema ukweli bila kujua kwamba ni siri.

Malipo yafuate kazi na si kalenda. Yaani: kiasi fulani slabu ya tatu ikikamilika, kiasi slabu ya mwisho, kiasi kuta zikisimama, kiasi lifti ikifungwa, na sehemu ya maana, siyo chini ya asilimia 20, ibaki mpaka mkabidhiwe funguo na nyaraka za hati. Kila hatua ithibitishwe kwa maandishi na mhandisi au mkadiriaji majenzi asiyelipwa na muuzaji peke yake. Hela iingie akaunti ambayo muuzaji hawezi kuitoa bila uthibitisho huo. Mkataba utaje fidia ya kila mwezi wa kuchelewa, utaje siku ambayo mna haki ya kuondoka na kurudishiwa chenu, useme wazi kama bei imejumlisha VAT ya asilimia 18 au la, na ulipiwe ushuru wa stempu, maana usipolipiwa utawasumbua kuutumia kama ushahidi mahakamani. Wakili wenu akishauri kuweka zuio kwa Msajili kulinda maslahi yenu, wekeni mapema. Na mkichelewesha kudai kwa kuoneana haya, jueni madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6.

Umeuliza mumsikilize nani. Kwa haya uliyonieleza, mimi leo nisingempa hela yeyote kati yao. Nikilazimishwa kuchagua, nitashangaza: ningeanza na lile lililokwama. Limeshaonyesha ugonjwa wake, zege lake linapimika, na muuzaji mwenye shida anakubali masharti ambayo mwenye matumaini hakubali. Lakini ningesaini siku watakapoleta vitu viwili pamoja, barua ya benki au mfadhili inayoonyesha hela ya kumalizia jengo lote imeidhinishwa, na barua ya kuachia nyumba yenu kwenye rehani. Punguzo la bei bila barua hizo si punguzo. Mnakuwa ninyi ndio mnaomkopesha, tena bila riba.

Kwa mfanyabiashara, subirini slabu ya tatu aliyoimwaga kwa hela yake. Bei itakuwa imepanda kidogo wakati huo; lipeni nyongeza hiyo bila kinyongo, kwani mtakuwa mmeona kasi yake, mkandarasi wake na namna anavyolipa mafundi. Ulizeni mama ntilie wa pale saiti kama mafundi wanalipa chakula kila Jumamosi au wanaandikisha daftari. Sijapata ripoti ya fedha iliyo ya haraka kuliko hiyo. Wakati mnasubiri, pitieni pia nyumba za Shirika la Nyumba kule Iyumbu na za Watumishi Housing kule Njedengwa, mlinganishe bei. Hizo angalau mnaingia na kufungua bomba.

Imebaki ada ya kushika nafasi. Kama mnaogopa kuikosa nyumba ya kona, ilipeni kwa masharti haya: iwe ndogo, iingie akaunti ya benki ya kampuni na isiende kwenye simu ya mtu, risiti iseme ni sehemu ya bei, na iandikwe kwamba itarudishwa yote ndani ya siku 30 endapo upekuzi wa hati, kibali cha ujenzi au usajili wa mkandarasi utakutwa na kasoro. Akisema ada hairudishwi kwa hali yoyote, muulizeni anadhani upekuzi utakuta nini.